Visu vya mezani vya Kifaransa, mpini wa mti: Laguiole, Thiers au Nontron?

Kitoweo
Wakuu, natafuta visu sita vya kukatia nyama mezani, mpini wa mti halisi. Nimebaki na hivyo vitatu. Kipi kinadumu?

FundiMpini
Laguiole ni kijiji cha Aveyron, ila jina lake limegongwa kwenye visu vya kila aina, hata vya viwanda vya Asia. Vingi vya Kifaransa vyenyewe hutengenezwa Thiers, mji wa visu wa Auvergne. Yule nyuki anayewekwa mgongoni mwa Laguiole ni pambo tu, asikudanganye. Tafuta jina la karakana kwenye bapa. Kisu kiitwacho Le Thiers kina nafuu: umbo na jina vinalindwa na chama cha mafundi wa hukohuko.

Halafu tazama msuka, yaani chuma kinachoingia kwenye mpini. Unaotakiwa ni wa bapa zima, yaani chuma kimoja kutoka ncha hadi kitako, mti umebanwa pande mbili kwa ribiti. Pitisha ukucha pale mti unapokutana na noleo (kipande cha madini kati ya mpini na bapa). Ukikwama, hapo ndipo maji na mafuta yatakapoingia.

Bi_Zuhura
Nontron (Dordogne) mpini wake ni mti uitwao boksi (boxwood), wa manjano, na alama zake huchomwa kwa moto. Mgumu, nyuzi zake laini, haupasuki ovyo. Mzeituni unapendeza lakini ukikauka hupata nyufa. Mreteni unanukia vizuri, ila ni laini, unabonyea. Mgumu kuliko yote hiyo ni mpingo wetu, ambao mafundi wa kule huuita ebeni ya Msumbiji. Ni mzito hata unazama majini.

Kitoweo
Na mashine ya kuoshea vyombo?

FundiMpini
Hapana, mkuu. Maji ya moto huvimbisha mti, kisha joto la kukausha huusinyaza. Chuma hakifuati mwendo huo, kwa hiyo mti hupasuka kwenye ribiti. Osha kwa mkono, usiloweke, futa papo hapo. Mpini ukipauka, paka mafuta ya kitani kiduchu, acha dakika 20, futa yaliyobaki. Mafuta ya kupikia yananata na kuvunda.

Mnoaji
Hakuna aliyegusa makali. Chuma cha kawaida ni cha pua, aina ya 12C27 cha Uswidi: kaboni kama 0.6%, kromiamu 13.5%. Hakishiki kutu kirahisi na kinanoleka. Adui ni sahani: tabaka la juu linalong'aa la kauri ni gumu kuliko chuma, kila mkato unaofika chini unabutua. Ndiyo maana wengine huweka meno madogo. Hayo hukata muda mrefu, lakini yakiisha kinoo cha kawaida hakiyarudishi. Chukua makali laini, noa kwa kinoo cha namba 1000 (namba ya ulaini wa kinoo), pembe ya nyuzi 20 kila upande.

Bi_Zuhura
Naunga mkono. Mimi ningechukua Le Thiers ya mpini wa boksi, noleo la chuma cha pua. La shaba hufifia, utakuwa unasugua kila wiki.