Tupeane uzoefu: kumsaka babu wa Ireland aliyegoma kuonekana kwenye makaratasi

BintiTaita (Cork)

Wadau, salaam. Nimeolewa huku kusini-magharibi mwa Ireland, na mama mkwe wangu alikuwa na ombi moja tu: kumjua baba wa babu yake. Cheti cha ndoa ya babu kinasema baba yake ni "Daniel Sullivan, mkulima". Basi. Sasa rasi ya Beara ukiita "Sullivan!" njiani wanageuka watu kumi. Wamejaa mpaka kila tawi la ukoo likapewa lakabu yake, na karani wa serikali lakabu hakuandika.

Kwa wageni wa kazi hii: msifikiri Ireland ni kama Uingereza, ambako unashuka sensa kwa sensa hadi 1841. Hapa sensa kamili zilizobaki za kabla ya nchi kugawanyika ni mbili, 1901 na 1911. Za 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote tarehe 30 Juni 1922, jengo la kumbukumbu pale Four Courts, Dublin, lilipolipuka kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu. Za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ukisikia mtu analalamika kwamba babu yake "alifichwa", mwambie hakufichwa, alichomwa.

Tulichofanya sisi ni kumwacha Daniel tukamfuata mwanawe mwingine, ndugu wa babu, aliyehamia Marekani. Beara kulikuwa na migodi ya shaba pale Allihies, na ilipodorora wachimbaji walikwenda Butte, Montana, kwenye shaba nyingine. Cheti cha kifo cha Ireland hakitaji wazazi wa marehemu, lakini cha Montana kinawataja. Tukapata cha huyo ndugu: mama yake alikuwa Harrington. Hapo tu mlango ukafunguka. Vizazi vyote vilianza kuandikishwa na serikali mwaka 1864, na picha za madaftari zipo bure kwenye irishgenealogy.ie. Katika rundo la watoto wa kina Daniel Sullivan, mwenye mama Harrington alikuwa mmoja, na kitongoji chao kimeandikwa.

Ukishapata kitongoji umepata kila kitu. Tathmini ya Griffith, yaani orodha ya serikali ya kukadiria kodi ya ardhi, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, inataja aliyeshika kila kipande cha ardhi na aliyemkodisha. Baada ya hapo kuna vitabu vya marekebisho vilivyotunzwa Dublin: mshika ardhi akifa au akihama, jina linakatwa na jipya linaandikwa juu kwa wino wa rangi nyingine, na mwaka pembeni. Tuliiona familia ikirithishana shamba kwa wino mwekundu, wa bluu, wa kijani. Mama mkwe alivyo, swali lake la kwanza likawa shamba hilo nani analo leo!

Haya, nanyi mlete yenu. Nani amekwama wapi?

WanjiruWaLowell

Hongera dada. Mimi natunza wazee hapa Massachusetts, na kuna shosho mmoja ambaye watu wake walitoka Roscommon enzi za njaa kuu. Aliniletea karatasi yenye majina ya watoto wa mababu zake, ameikunja mpaka imechanika. Nikaitazama nikacheka. Kwetu Ukikuyuni mvulana wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama. Waairishi wa zamani walifuata mpango huo huo! Kwa wasichana ndipo tunapoachana: wao wa kwanza alichukua jina la nyanya mzaa mama, sisi ni mzaa baba.

Kwa hiyo nikamwambia, shosho, mvulana wako wa kwanza ni Patrick na wa pili ni Luke. Patrick wamejaa Ireland nzima, tuachane naye. Tutafute Luke mwenye binti. Na ndivyo alivyopatikana, kwenye daftari la ubatizo la parokia. Madaftari ya Wakatoliki hadi miaka ya 1880 yamewekwa mtandaoni bure na Maktaba ya Taifa ya Ireland tangu 2015, ila mengi ni Kilatini na mwandiko wa mapadre wengine ni mateso. Jacobus ni James. Gulielmus ni William. Na nyumbani Bridget anaweza kuitwa Delia, mkitafuta Delia mtakesha.

Msiruke majina ya wasimamizi wa ubatizo. Wale ni shangazi, wajomba, majirani. Mimi nawaamini kuliko karani yeyote.

Kitu kingine cha walio Boston: gazeti la Pilot lilichapisha matangazo ya kutafutana tangu 1831 hadi 1921. Mke anamtafuta mume, dada anamtafuta kaka, na wanataja kaunti na parokia aliyotoka. Ukisoma mengi kwa mkupuo unaumia roho.

NusuMayo (Nakuru)

Wangu alikuja huku kwetu, wala hakwenda Marekani. Mama alizaliwa 1938, baba yake Mzungu, "Mairishi wa reli". Kila mzee niliyemuuliza aliapa kwamba alikuja na Patterson, yule mhandisi wa reli aliyewaua simba wala watu wa Tsavo, kwa kuwa Patterson naye ni mzaliwa wa Ireland. Jamani! Simba wale waliuawa 1898. Huyo babu angekuwa kikongwe.

Nikapima DNA. Akatokea binamu wa mama huko Mayo, mtu mzima mwenye adabu zake, hakushtuka hata kidogo. Akasema nyumbani kwao kuna barua zenye stempu za Kenya. Tukaingia sensa ya 1911. Fomu ile ilimuuliza mama mwenye nyumba ameolewa miaka mingapi, amezaa watoto wangapi waliozaliwa hai na wangapi bado wapo. Pale waliandika 11, wamebaki 8. Babu yumo, mtoto wa shule.

Ajabu ni tarehe. Daftari la serikali linasema alizaliwa Machi, la kanisa linasema alibatizwa Februari. Kabatizwa kabla ya kuzaliwa! Binamu akanieleza kwamba kulikuwa na faini ya kuchelewa kuandikisha, kwa hiyo baba mtu alisogeza tarehe mbele. Tangu hapo mimi husadiki la padre.

Nilitaka pia kuomba uraia, maana ukiwa na babu au bibi aliyezaliwa kisiwa kile unaweza kujiandikisha kwenye daftari la waliozaliwa nje. Lakini cheti cha mama nafasi ya baba ni tupu. DNA imenipa ndugu, imenipa hata mwaliko wa Krismasi, karatasi haikunipa. Mwenye kujua njia ya kisheria anisaidie.

NyarKisumu

Pole kaka. Sisi tumewazidi, yetu ilipatikana hadi kijiji. Moneygall, kaunti ya Offaly. Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliondoka 1850 na mjukuu wa vitukuu vyake akawa Barack Obama. Na angekuwa Mkatoliki pengine wangehangaika zaidi, maana aliyeyatoa yale madaftari alikuwa kasisi wa Kianglikana wa eneo hilo. Obama alipokwenda Ireland Mei 2011 aliwaambia watu wa Dublin amekuja kutafuta ritifaa iliyopotea kwenye jina lake, ile ya O'Bama. Kogelo, kijijini kwa baba yake, tulicheka sana.

Mkwezi

Swali. Bibi mmoja kwenye sensa ya 1901 ana miaka 56, ya 1911 ana 71. Ni mtu mmoja kweli?

BintiTaita

Ni mmoja, mkuu, na ni mjanja. Januari 1909 pensheni ya wazee ilianza kulipwa, umri miaka 70. Nchi nzima ikazeeka ghafla. Wengi hawakuwa na cheti, kwa hiyo maofisa waliwatafuta kwenye sensa za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa bado hazijaungua. Fomu za maombi hayo zimebaki, zipo mtandaoni kwenye Hifadhi ya Taifa. Mcheki humo, unaweza kumkuta akiwa mtoto na wazazi wake wote.

MuungujaQueens

Assalaam aleikum. Mie sina babu wa Ireland, nina onyo. Tarehe 1 Januari 1892 msichana wa Cork, Annie Moore, alikuwa wa kwanza kupita Ellis Island. Kwa miaka mingi dunia iliamini kwamba alikwenda Texas na kufa huko kwa kugongwa na tramu. Kizazi cha huyo wa Texas kilikaribishwa kwenye sherehe. Mwaka 2006 mtafiti Megan Smolenyak akathibitisha kwamba Annie wa Texas alizaliwa Illinois! Annie wa kweli hakutoka New York. Aliolewa, akazaa watoto zaidi ya kumi, wengi wakafa wadogo, akafa 1924. Kaburi lake lipo hapa Queens, makaburi ya Calvary, na halikuwa na jiwe mpaka 2008. Hadithi ikiwa tamu sana, mie huomba cheti.

ShemejiWaDerry

Nimesoma yote. Bibi wa mume wangu ni wa Derry, alizaliwa 1924. Kwenye hiyo tovuti ya bure simwoni kabisa.

BintiTaita

Humwoni kwa sababu rekodi za Ireland Kaskazini, iliyobaki chini ya Uingereza nchi ilipogawanyika, humo zinaishia 1921. Baada ya hapo ni ofisi ya usajili ya Belfast, na unalipia. Madaftari ya makanisa uliza PRONI, ofisi ya kumbukumbu za umma ya Ireland Kaskazini, palepale Belfast. Alikuwa dhehebu gani?

ShemejiWaDerry

Mkatoliki. Ila aliolewa na Mpresbiteri na kwao hawakulizungumza tena.

BintiTaita

Ahaa! Basi usianze na kuzaliwa. Agiza cheti cha ndoa, uone ilifungwa kanisa gani au kwa msajili, kisha tuletee majina ya mashahidi wawili hapa. Kama kwao walisusa, mashahidi watakuwa ni wale waliothubutu.