Chaja za kasi Kisumu–Nakuru: zianzie wapi, na pesa itoke kwa nani?

Mleta mada, Kisumu:
Nina gari la umeme, Nissan Leaf, niliyoipata ikiwa imeshatumika Japani. Betri yake ilitoka kiwandani ikibeba yuniti 40 za stima. Sasa kwa uzee inashika kama 32. Hapa mjini hainisumbui. Taabu ni safari ya Nakuru. Hadi Ahero ni tambarare tupu, kisha unaanza kupanda: Awasi, Kericho, Londiani, hadi Mau Summit, zaidi ya mita 1,200 juu ya ziwa letu. Nimepiga hesabu: kuliinua gari na watu wanne kimo hicho kunakula yuniti 6 hivi, mbali na zile za mwendo wenyewe. Nafika juu roho mkononi. Kurudi ni raha, mteremko wenyewe unairudishia betri kidogo.

Hoja yangu: chaja za kasi zianzie Kericho, si kwenye maegesho ya maduka makubwa Nairobi ambako mwenye gari la stima ana soketi nyumbani. Na serikali itie mkono, maana hakuna mfanyabiashara atakayeweka mtambo ghali mahali panapopita magari ya umeme mawili kwa siku. Mnasemaje?

Mwendesha boda, Kondele:
Yaani kodi yangu ikupandishe wewe mlima? Pikipiki yangu ni ya umeme pia. Betri ikiisha nabadilisha kwa dakika chache, nabeba abiria mwingine. Hatujaomba serikali kitu.

Fundi stima, Nakuru:
Mnasahau saa. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, ilipoweka bei ya stima ya kuchaji magari ya umeme mwaka 2023, yuniti ilikuwa shilingi 16, na usiku 8, kabla ya kodi na tozo. Hiyo 8 ina sababu yake: watu wakilala, mvuke wa ardhini unaozalisha stima Olkaria hukosa mnunuzi, mwingine unaachiwa hewani. (Olkaria iko kaunti yetu, na bado mtaani kwangu stima hupotea mvua ikinyesha tu.) Sasa chaja ya barabarani itauza lini? Mchana, kwa bei ya juu. Halafu chaja moja ya kilowati 50, ukiiunga kwenye transfoma ya kijiji, kijiji kizima kitakulaani. Mimi ningeweka chaja za polepole pale watu wanapolala: lojing'i za Kericho, Salgaa kwenye malori. Usingizi wa saa nane unatosha.

Na waya je? Leaf yako inataka plagi ya CHAdeMO, magari mapya mengi yanakuja na ya aina nyingine, CCS2. Kituo cha waya mmoja kitamfukuza mmoja wenu.

Mleta mada:
Ndugu, mimi naenda kumwona mtoto shuleni na kurudi siku hiyo hiyo. Nilale Salgaa nimekosa nini?

Mama wa hoteli, Londiani:
Namuunga mkono wa Kisumu, na sababu zangu ninazo. Dereva wa petroli hashuki hata kunawa uso. Huyu wa chaja atakaa dakika 40. Hiyo ni chai, chapati mbili na maharagwe.

Dereva wa shato:
Ngojeni tarehe 23 Desemba, magharibi yote ikirudi nyumbani. Chaja mbili, magari kumi mbele yako, kila moja dakika 40. Ni saa tatu na ushee kabla hujagusa waya. Na stima ikipotea kama ile Agosti 2023, nchi nzima giza, Krismasi utaila kwa huyo mama.

Mleta mada:
La Desemba limenishinda. Lakini fundi, kituo kikiwa na betri yake kubwa, ijazwe usiku kwa ile bei ya 8 na iuze mchana, kijiji hakitaguswa, au vipi?

Fundi stima:
Hapo umeongea. Ila betri hiyo huenda ikazidi bei ya chaja zenyewe. Nani atainunua?

Mwendesha boda:
Msinitazame mimi.