Saksafoni ya plastiki

Kitindamimba: [picha] jamani nani anajua muziki humu, hii saksafoni nimekutana nayo mtandaoni, nyeupe kama maziwa afu plastiki tupu, ni ya kuchezea watoto ama? mbona bei yake imenitoa jasho 😳

Shangazi: mi nikajua bomba la sinki 😂😂

Mjomba: Nyie adabu kidogo. Hiyo ni Grafton ya Charlie Parker

Kitindamimba: Parker yupi tena

Mjomba: Yule wa jazi, Mmarekani, aliyefariki 1955 akiwa na miaka 34 tu. Grafton zilikuwa zinatengenezwa London miaka ya 50, kuna Mtaliano anaitwa Sommaruga ndo aliibuni, mwili wote plastiki ngumu vibonye ndo vya chuma, na bei ilikuwa kama nusu ya ile ya shaba. Sasa Parker akapanda nayo jukwaani Massey Hall kule Toronto tarehe 15 Mei 1953, yuko na Dizzy Gillespie, Bud Powell, Mingus na Max Roach, yani hao watano ukiwaweka pamoja we kaa kimya usikilize

Dada Mkubwa: watu walijaa sana basi

Mjomba: Wapi! Usiku huohuo bondia Marciano alikuwa anazipiga na Walcott Chicago, viti kibao vikabaki wazi. Na ngumi zenyewe ziliisha raundi ya kwanza 🤦🏾

Shangazi: kha! si wangesubiri tu kidogo

Mjomba: Afu rekodi ilipotoka jina lake halikuwepo, wameandika Charlie Chan, maana alikuwa na mkataba na kampuni nyingine

Kitindamimba: huyo alikuwa anakimbia madeni 😂 sasa mtu mkubwa hivyo plastiki ya nini

Mjomba: Hadithi wanayosimulia ni kwamba ya shaba ilikuwa rehani. Mi hapo siapi. Ila hiyo rekodi sikiliza kwa spika nzuri sio za simu, sauti inatoka kavu, inakata, huwezi kusema ni plastiki

Kaka: mafundi wanazikimbia hizo mjomba. spring zake si kama za saksafoni nyingine na ukiiangusha ndo basi tena, inapasuka kama kikombe. mi niliwahi kushika moja ya jamaa, niliirudisha haraka mikono inatetemeka

Dada Mkubwa: bei bei bei, tuambieni

Mjomba: Mnada wa Christie's London, 1994, pauni 93,500. Mji wa Kansas City ndo ulinunua, kwao alikokulia Parker, sasa iko makumbusho ya jazi hukohuko

Shangazi: 93 elfu kwa plastiki??

Mjomba: Hawakununua plastiki dada, Grafton nyingine zipo na hazigusi hata robo ya hapo

Kitindamimba: na bado inalia au imekuwa pambo

Mjomba: Kwenye huo mnada Peter King, mpiga saksafoni wa jazi, aliipuliza watu wakasikia, ikalia vizuri tu

Dada Mkubwa: haya na ile yako iliyo juu ya kabati, mjomba, ilipulizwa na nani

Mjomba: Na mimi

Shangazi: basi hiyo tuipime kwa kilo 😂😂😂

Mjomba ametoka kwenye kikundi

Kitindamimba: shangazi umeona sasa, nani wa kumrudisha