Mtaa wetu haukupimwa: tuanze na mtaro, miti au urasimishaji?

Mkazi wa Bondeni
Habari zenu, ndugu zangu. Ninaishi Kinondoni, Dar es Salaam, katika mtaa uliojengwa kabla ya kupimwa, ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba gari la kunyonya majitaka haliwezi kuingia, na masika yakianza wapo wanaotapisha vyoo usiku ili mvua ibebe uchafu. Jumamosi tuna kikao cha mtaa cha kuchagua kazi ya kwanza ya kuchangia. Wengine wanataka miti, wengine barabara ya zege, wengine urasimishaji, yaani kupimiwa viwanja na kupewa hati. Ninachotamani ni mtaa utakaokaliwa na wajukuu wetu bila hofu ya mafuriko wala ya kubomolewa. Tuanze na lipi?

Fundi Mstaafu
Ndugu yangu, anzeni na maji, kwa sababu barabara ya zege isiyo na mtaro hugeuka mto na miche hung'olewa na mvua ya kwanza. Mfano mnao hapo hapo Kinondoni: Hananasifu, ambako katika miaka ya 1990 wakazi, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, walijenga mitaro ya maji ya mvua kwa nguvu za mikono, vibarua wakiwa watu wa mtaa wenyewe, wanawake kwa wanaume. Fedha ya ujenzi ilibaki mtaani, na ujuzi pia.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, tembeeni mvua ikinyesha, mkafuate maji yanakoanzia hadi yanakoishia, kisha mzungumze na wenzenu wa mtaa wa chini, maana mtaro unaomwaga maji kwenye ua wa jirani ni ugomvi mliojijengea. Mkubaliane pia ni nani atakayezoa mchanga kila kabla ya vuli na masika. Watu hulaumu chupa za plastiki, lakini mitaro mingi niliyoizibua ilikuwa imejaa mchanga, na mfuniko mzito usioinuliwa na watu wawili huwafanya wakazi wakate tamaa ya kuisafisha.

Mpangaji wa Chumba Kimoja
Nakubaliana na mzee wetu, ila naomba wapangaji tusisahaulike. Hananasifu ilipotengenezwa, kodi nazo zilipanda. Mimi nimewahi kuchangia na kubeba kokoto katika mtaa niliokuwa nikiishi, na miezi michache baada ya mtaro kukamilika nilitakiwa kuongeza kodi au kuhama. Nikahama na wanangu wawili katikati ya muhula. Wapangaji waingie kwenye kamati, na wenye nyumba waandike mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba hawatapandisha kodi kwa muda mtakaokubaliana.

Mpanga Miji
Urasimishaji usiachwe nyuma, kwa kuwa njia ya mtaro na ya gari la majitaka inapaswa kuonekana kwenye mchoro kabla vigingi vya mipaka havijafungiwa zege. Mukuru, makazi ya mabanda jijini Nairobi, ilipotangazwa mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la mipango, yaani eneo linalopangwa kwa utaratibu wake lenyewe, wakazi walishirikishwa katika kuamua upana wa barabara, na barabara nyembamba zikakubaliwa ili nyumba chache zaidi ziguswe. Hilo ni jambo la kuwaambia wapimaji wenu mapema. Kama mmepakana na mto, kumbukeni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Miti ipandwe huko, wala msimchangishe mtu fedha za kupimiwa kiwanja hapo.

Mkazi wa Bondeni
Asanteni sana, na pole dada yangu kwa yaliyokupata. Jumamosi nitapendekeza mtaro kwanza, mchoro ukiandaliwa sambamba, na wapangaji watatu kwenye kamati. Kesho alfajiri, mvua ikinyesha, mimi na mjumbe wa shina tutayafuata maji hadi chini. Mwenye nakala ya makubaliano ya kodi yaliyowahi kusainiwa mtaani kwake, naomba anisaidie kabla ya kikao.