Python imesakinishwa lakini Windows inasema haipo, na pip inakataa cheti

MwanafunziKondele (Kisumu)

Hamjambo wanajukwaa. Ninajifunza uprogramu nikiwa nyumbani, Kondele, kwa kipakatalishi cha mtumba chenye Windows 10. Kwa kuwa bando la simu ni ghali kwangu, nilipakua kisakinishi cha lugha ya uprogramu ya Python, toleo la 3.12, kutoka python.org nikiwa saiba mjini, nikakibeba kwa flashi hadi nyumbani. Usakinishaji ulifika mwisho bila kuonyesha kosa lolote. Hata hivyo, nikifungua dirisha la amri na kuandika python, Windows hunifungulia duka la Microsoft Store na kunitaka nisakinishe Python kana kwamba haipo. Nikiandika python --version, napata ujumbe unaoanza na “Python was not found”.

Katika somo moja niliona kwamba mtu anaweza kuandika py badala yake. Nilifanya hivyo na nikajibiwa kwa nambari ya toleo, 3.12, jambo lililonishangaza zaidi. Kisha nikawasha intaneti ya simu na kuandika py -m pip install pandas (pip ni programu ya kusakinisha vifurushi vya Python, na pandas ni kifurushi cha kushughulikia data), nikapata mistari mingi yenye maneno CERTIFICATE_VERIFY_FAILED na, mbele kidogo, “certificate is not yet valid”.

Jirani mmoja ananishauri nifute kila kitu na kusakinisha Windows upya, na mwingine anasema nizime programu ya kuzuia virusi. Nisingependa kufanya lolote kati ya hayo kabla ya kuelewa kinachoendelea. Je, hili ni tatizo moja au ni mawili? Huenda ikasaidia mkijua kwamba betri ya kipakatalishi hiki haishiki chaji, na stima ikipotea kinazimika papo hapo.

FundiMilimani (Nakuru)

Karibu sana. Hayo ni matatizo mawili ambayo hayahusiani, na hakuna hata moja linalohitaji Windows ifutwe. Umefanya vyema kunakili ujumbe wa kosa neno kwa neno, kwa sababu jibu la swali lako la pili limo ndani ya ujumbe huo.

Tuanze na la kwanza. Unapoandika jina la programu katika dirisha la amri, Windows haiipekui diski yote kuitafuta. Huangalia tu folda uliyomo na zile zilizoorodheshwa katika kigezo kiitwacho PATH, moja baada ya nyingine, na isipoikuta humo hukuambia kwamba haipo. Python kwa kawaida husakinishwa ndani kabisa ya folda ya mtumiaji, chini ya AppData, mahali ambapo hapamo katika orodha hiyo mpaka uombe pawekwe. Ombi hilo ni kisanduku kidogo kilicho chini ya ukurasa wa kwanza wa kisakinishi, kilichoandikwa “Add python.exe to PATH”, ambacho huja kikiwa hakina alama. Kitufe kikubwa cha kusakinisha kiko juu yake, kwa hiyo macho ya wengi hayafiki huko chini. Amri ya py ni programu nyingine ndogo ambayo kisakinishi hicho hicho huiweka mahali ambapo Windows huangalia, na kazi yake ni kuitafuta Python popote ilipo na kuiita. Ndiyo maana py ilikujibu ilhali python haikujibu.

Kuhusu lile duka, tangu mwaka 2019 Windows 10 huja na faili ya jina python.exe ambayo si Python bali ni kiungo cha kukupeleka Microsoft Store. Andika where python na utaona njia inayoishia kwenye folda ya WindowsApps. Hicho ndicho kinachokujibu sasa. Andika pia py -0p, ukitumia sufuri na wala si herufi O, nayo itakuonyesha kila Python iliyomo na mahali ilipo. Ningependa kila anayeanza azijue amri hizi mbili kabla ya kujifunza kusakinisha upya, kwa sababu watu wengi husakinisha Python juu ya Python hadi mashine inakuwa na nne, na hakuna ajuaye ni ipi inayojibu.

Kurekebisha ni rahisi. Nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, uchague Python 3.12 kisha “Modify”. Ukurasa wa kwanza uupite kwa “Next”, na katika ukurasa unaofuata utie alama kwenye “Add Python to environment variables”. Halafu tafuta “App execution aliases” katika mipangilio hiyo hiyo na uzime vitufe vya python.exe na python3.exe. Mwisho, funga dirisha la amri na ufungue jipya, kwa maana dirisha lililokuwa wazi hubaki na orodha ya zamani hata baada ya marekebisho.

La pili: angalia tarehe iliyo kwenye kona ya chini ya skrini yako, hasa mwaka. Ujumbe unasema cheti “bado hakijaanza kutumika”. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Ikiwa saa yako imerudi miaka mingi nyuma, kwa macho ya mashine cheti cha leo ni cha siku zijazo. Umesema kompyuta huzimika stima inapopotea. Kwa kawaida hilo peke yake haliharibu tarehe, kwa kuwa kwenye ubao mama kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi aina ya CR2032, inayoendesha saa mashine ikiwa imezimwa. Katika mashine za mtumba betri hiyo mara nyingi huwa imekwisha. Rekebisha tarehe, mwaka na saa za eneo, yaani UTC+3, kisha urudie amri ya pip bila kubadilisha kitu kingine.

MwalimuKakamega

Naunga mkono maelezo ya Fundi, na ninaomba kusisitiza jambo moja juu ya ule ushauri wa kuzima kinga ya virusi. Zipo programu za kinga zinazoingilia mawasiliano na kuleta kosa la cheti, lakini ujumbe wake huwa tofauti: pip husema kuna cheti kilichojitia sahihi chenyewe, au kwamba haikumpata mtoaji wa cheti. Ujumbe wako unazungumzia wakati, kwa hiyo kinga yako haina hatia. Vilevile utakutana na watu watakaokuambia uongeze --trusted-host ili pip iache kukagua vyeti. Tafadhali usifanye hivyo. Ukaguzi huo ndio unaohakikisha kwamba unachopakua kimetoka kweli kwenye PyPI, hazina ya mtandaoni ya vifurushi vya Python, na hakikubadilishwa njiani, na ni vibaya kumzoesha mwanafunzi kuuondoa kwa sababu ya saa iliyochelewa.

Kwa wasomaji walio na mashine za zamani zaidi, kama zile zinazopatikana katika shule nyingi za huku kwetu, kumbukeni kwamba Python 3.9 na matoleo yaliyofuata hayafanyi kazi kwenye Windows 7. Toleo la mwisho lenye kisakinishi kwa mashine hizo ni 3.8.10, na hilo halipokei tena marekebisho ya usalama.

Kuhusu bando: pandas huja pamoja na numpy, kifurushi cha hesabu ambacho inakitegemea, na kwa pamoja zinazidi MB 20. Kama saiba unayoitumia ina Python, andika huko py -m pip download -d paketi pandas, na faili zote zinazohitajika zitawekwa katika folda iitwayo paketi. Ibebe folda hiyo kwa flashi, kisha nyumbani uandike py -m pip install --no-index --find-links paketi pandas, ukiwa umesimama mahali folda ilipo. Sharti ni kwamba Python ya saiba na yako ziwe za toleo moja, 3.12 kwa 3.12, na zote ziwe za biti 64 au zote za biti 32. Zisipolingana, pip itakataa.

MwanafunziKondele (Kisumu)

Asanteni sana, Fundi na Mwalimu. Amri ya where python ilionyesha WindowsApps peke yake, kama mlivyosema, na sasa python inajibu 3.12 katika dirisha jipya. Tarehe ilikuwa ya mwaka 2015. Nilipoirekebisha, pandas ilisakinishwa bila kosa. Limebaki jambo moja: ndani ya Visual Studio Code, programu ninayoandikia msimbo, mstari wa import pandas umepigiwa mstari chini na naambiwa haipatikani, ingawa katika dirisha la amri mstari huo huo unafanya kazi.

FundiMilimani (Nakuru)

Hiyo ni habari njema. Visual Studio Code huchagua yenyewe Python ya kutumia, na huenda imeshika njia nyingine au haijashika yoyote. Hakikisha kwanza kiendelezi cha Python kimesakinishwa humo, kisha bonyeza Ctrl+Shift+P, andika “Python: Select Interpreter”, na uchague ile ambayo njia yake inafanana na uliyoonyeshwa na py -0p. Angalia pia kwamba faili yako haikupewa jina la pandas.py, kwa sababu Python huitazama kwanza folda ya faili unayoiendesha na ingeisoma hiyo badala ya pandas yenyewe. Betri ya saa ibadilishwe mapema, na hadi hapo, kila stima inaporudi, angalia tarehe kabla ya kutumia pip.