Bei ya trei ya mayai: Masaka, Kampala, Gulu

Kutoka: Mwanahamisi, Gulu

Ndugu zangu, habari za siku nyingi. Wanaonijua wanajua napika keki na maandazi ya kuuza tangu niliposhuka basi la kutoka Tanga. Mwezi uliopita mume wangu amehamishiwa Gulu kikazi, nami nikafunga virago. Mji mzuri, watu wakarimu, ila mayai yamenitoa jasho. Kabalagala, kule Kampala, nilikuwa nachukua trei ya mayai 30 kwa shilingi 11,500 za Uganda, na nikimlilia mchuuzi wangu ananishushia hadi 11,000. Huku nimetajiwa 15,000, na muuzaji hapunguzi hata mia.

Nikasema labda nimeonekana mgeni. Nikamtuma binti wa jirani, Mwacholi mwenyewe, mwenyeji wa huku, akarudi na bei ileile. Na kuku wamezagaa hadi mlangoni kwangu! Mayai yao yanakwenda wapi? Nisaidieni, maana nikipandisha bei ya keki wateja wapya wote nitawakimbiza.

----

Kutoka: Baba Zuhura, Masaka

Mwanangu Mwanahamisi, pole na kuhama. Hujaibiwa.

Hao wa mlangoni ni kuku wa kienyeji. Mmoja anataga mayai 40, akijitahidi sana 60, kwa mwaka mzima, na mwenyewe hayauzi, anayaacha yaatamiwe apate vifaranga. Mayai ya trei yanatoka kwa kuku wa kisasa wa kufungiwa bandani, ambaye akitunzwa vizuri anakaribia mayai 300. Kuku hao wamejazana huku kusini: Masaka, Wakiso, Mukono. Sababu ni mdomo wa kuku mwenyewe.

Mimi ninao 400. Kila mmoja anakula kama gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kila kukicha namwaga kilo 48. Siku nikiokota mayai 320 namshukuru Mungu, kwa sababu si wote wanaotaga kila siku. Gawanya hapo: yai moja limekula gramu 150, trei nzima kilo nne na nusu. Ukiondoa chakula, gharama zilizobaki ni ndogo. Na chakula chenyewe ni pumba za mahindi, mashudu, soya, maganda ya konokono wa ziwani, na mukene, yaani dagaa wetu, ambao Wakenya wanawaita omena. Mukene hapa wanavuliwa jirani, pumba zinatoka kwenye mashine zilizo karibu. Anayefuga huko kwenu inabidi avisafirishe vingi vya hivyo, na akishavisafirisha bei ya trei haiwezi kuwa ya Masaka. Ndiyo maana wafanyabiashara wa kaskazini wengi wanaona heri wapakie mayai.

Halafu kuna msimu. Aprili na Mei, kabla mahindi mapya hayajatoka, pumba zinapanda na trei inazifuata. Mavuno ya katikati ya mwaka yakiingia, tunapumua. Na vyuo vikifungua, mwulize yeyote anayekaanga rolex, yaani chapati ya kuviringishwa na mayai, pale Wandegeya karibu na Chuo Kikuu cha Makerere, anamaliza trei ngapi kwa usiku mmoja.

Nitoke nje ya mada kidogo, maana bado inaniuma. Duka moja, silitaji, limeniuzia gunia la mukene lenye mchanga. Si mchanga wa bahati mbaya wa kuanikia ufukweni, huo tumeuzoea. Niliosha kilo moja kwenye beseni, chini ukabaki mchanga wa kujaza vikombe viwili. Wakati naugundua, kuku walikuwa wameshashuka hadi mayai 190, na ganda jembamba, ukilishika linabonyea. Nilipowarudishia gunia wakaniambia nimechanganya mwenyewe.

Turudi Gulu. Kutoka hapa hadi Kampala ni kilomita 130 hivi, kisha zaidi ya 300 hadi kwako. Fuso linalipa mafuta, linalipa wapakiaji, na barabarani yanapasuka. Daraja la Karuma, la kuvukia Nile njia ya kuja kwenu, lilipofungwa kwa matengenezo mwaka 2024, malori yalilazimika kuzunguka, na mzunguko wote ule ulilipwa na mlaji. Juu ya hayo, Gulu iko kwenye njia ya kwenda Juba, Sudan Kusini, kupitia mpaka wa Elegu. Mnunuzi wa Juba akiwa na haraka anachukua shehena yote kwa bei anayoambiwa. Wewe na maandazi yako unashindana na huyo.

----

Kutoka: Mama Njoroge, Busia

Hiyo ya mnunuzi wa ng'ambo ni kweli kabisa, nimeiona kwa macho yangu hapa mpakani. Januari 2017, mafua ya ndege yalipogunduliwa kwenye ndege wa porini kando ya ziwa upande wa Entebbe, Kenya ilifunga mlango kwa kuku na mayai ya Uganda. Trei zilizozoea kuvuka zikakosa pa kwenda. Tulikula mayai asubuhi, mchana na jioni hadi watoto wakagoma.

----

Kutoka: Said, Arua

Shikamooni wakubwa. Nanyi mnalinganisha trei na trei kana kwamba ni kilo ya sukari. Trei ni idadi tu. Juzi nimeipima moja dukani, ilikuwa na kilo moja na nusu kasoro, yai dogo kama la kanga. Nyingine ya bei hiyohiyo ilipita kilo moja na robo tatu. Kwa mpika keki kama wewe dada, hiyo ya kwanza ndiyo ghali. Na usisahau kuinua zile za juu: wanapanga makubwa juu, trei za chini wanaweka vipira vya gofu.

Kiini nacho kina bei yake. Wateja wanataka cha manjano, keki ipendeze. Mahindi yetu ni meupe, kwa hiyo kuku wa pumba tupu anatoa kiini cheupe. Akipewa majani au mahindi ya manjano, kinabadilika. Ladha mimi sijaona tofauti, ila nawajua watu watakaogombana nami hapa.

----

Kutoka: Mwanahamisi, Gulu

Shikamoo mzee wa Masaka, ahsanteni wote. Jumanne nilidamka saa kumi na moja nikaenda lori linaposhushia. Giza bado, vijana wanapokezana trei zilizofungwa kwa kamba za mgomba, sita sita, na mama mmoja kakaa juu ya kreti akimulika kila fungu kwa tochi ya simu. Nikakaa kando yake, nami nikamulika. Nimepata trei kumi kwa 13,000, baada ya kukataa mafungu mawili yenye vile vipira vya Said. Nyumbani nikakuta tisa yana ufa. Kijana wa chapati wa kona yangu ameyachukua yote kwa 300 kila moja kabla sijamaliza kuhesabu, na ameniambia kila Jumanne nimwekee.

Mzee, kuku wako wamepona ule mchanga?

----

Kutoka: Baba Zuhura, Masaka

Marahaba mwanangu. Jana nimeokota 287. Mukene sasa nanunua kwa wavuvi wenyewe, na beseni natembea nalo.