Bili ya gesi imepanda karibu mara tatu, kampuni inasema ni baridi tu. Naomba ushauri

MamaIbra

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wenu, hasa nyie mliokaa Uingereza muda mrefu kuliko sisi.

Tuko Leicester, nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu: mimi, mume wangu, watoto wawili wa shule na mdogo ambaye hajatimiza mwaka. Gesi tunatumia kwa boila, yaani radieta na maji ya moto, pamoja na jiko. Januari ya mwaka jana tulilipa kama pauni tisini. Januari hii imekuja pauni 248.62.

Hatujaongeza kitu. Themostati iko 19 kama siku zote, chumba cha mbele tumekifunga radieta yake, watoto wanavaa masweta ndani. Nimepiga simu kwenye kampuni. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu zake, lakini jibu lilikuwa moja tu: majira ya baridi watu hutumia zaidi. Nikamwambia mwaka jana pia kulikuwa na baridi. Akasema basi anipandishie makato ya benki kutoka pauni 110 hadi 230 kwa mwezi ili "nisilimbikize deni". Wiki iliyofuata ikaja barua kwamba nisipolipa wanaweza kuniwekea mita ya kulipia kabla.

Mama yangu Tanga anapikia mtungi wa kilo 15. Anajua kaununua lini, umeisha lini, na akihisi umepunjwa anaurudisha dukani upimwe mbele ya macho yake. Mimi gesi inapita ukutani siioni, hesabu wanapiga wao, na pesa wanajichukulia wenyewe benki. Mtu atajuaje kama anaibiwa? Nimechoka kwa kweli, na kila boila ikiwaka roho inanidunda.

Kisauni_Boy

Pole sana dadangu. Hao ni wezi wa mchana kweupe. Mimi niko Barking, kila mwaka ni hadithi hiyo hiyo: vita, soko, baridi. Faida yao haishuki, bili yetu ndiyo inapanda. Nenda benki leo, futa makato, waache wahangaike wao. Wakitaka pesa waje na hesabu mkononi.

BiMkubwa_Reading

Kaka Kisauni, hasira yako naielewa, lakini usimpe mwenzio ushauri huo. Akifuta makato kimya kimya, kwenye kompyuta zao anaonekana mtu aliyeacha kulipa, basi. Jina linaingia kwenye rekodi ya madeni, na kesho akitaka kupanga nyumba nyingine au kukopa gari, rekodi ile inasomwa.

MamaIbra mwanangu, unachotakiwa kufanya ni kuwaandikia kwamba bili hii unaipinga, na kwamba wakati mnabishana utaendelea kulipa kiasi usichokipinga. Kama ni ile 110 yako ya zamani, iendelee. Kuhoji makato yakipandishwa ni haki yako, maana wanatakiwa kuyapanga kwa kuangalia matumizi yako halisi, na waweze kukueleza wameyafikiaje.

Kuhusu mita ya kulipia kabla, usilale na hofu. Mambo haya yaliharibika sana majira ya baridi ya 2022 na 2023. Watu walikuwa wanavunjiwa milango kwa kibali cha mahakama na kufungiwa mita hizo kwa nguvu, wakiwemo wagonjwa na wenye watoto wachanga. Februari 2023 gazeti la The Times likaanika, zoezi likasimamishwa nchi nzima, na Novemba mwaka ule Ofgem, wasimamizi wa kampuni za gesi na umeme, wakatoa masharti mapya. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 2 hairuhusiwi kufungiwa kwa lazima. Na hata kwa wengine, kampuni lazima iwe imejaribu kuwasiliana na mteja angalau mara 10. Waambie kwa maandishi kwamba una mtoto mchanga, na uombe uingizwe kwenye orodha ya wateja wa kipaumbele. Orodha hiyo ni bure.

Fundi_Boila

Dada MamaIbra, kabla ya kuingia kwenye wizi au siyo wizi, naomba unijibu haya. Kazi yangu ni gesi, na nimeona mengi.

Kwanza, kwenye bili, pembeni ya namba ya usomaji wa mita kuna herufi gani? A ni usomaji halisi, C ni uliotuma wewe mwenyewe, E ni makadirio yao. Kama ni E, hiyo bili ni ya kubahatisha.

Pili, namba ya mita iliyoandikwa kwenye bili inafanana na iliyochongwa kwenye mita yenyewe? Kuna watu wanalipa gesi ya jirani miaka.

Tatu, zima boila na jiko, kisha simama kwenye mita kama robo saa. Tarakimu zikiendelea kutembea wakati hakuna kinachowaka, usiendelee na uzi huu: fungua madirisha, funga valvu ya gesi, toka nje na upige namba ya dharura ya gesi, 0800 111 999.

Nne, na hili ndilo linalonisumbua zaidi: mita yenu imebadilishwa hivi karibuni?

MamaIbra

Asante fundi. Nimetoka nje na tochi sasa hivi.

Herufi ni C, usomaji natuma mwenyewe kwa programu ya simu. Namba ya mita inafanana. Nimezima kila kitu, tarakimu hazikusogea hata moja.

Na ndiyo, mita ilibadilishwa wiki ya kabla ya Krismasi. Walisema ile ya zamani imepitwa na wakati. Umejuaje?

Fundi_Boila

Kwa sababu ya ukubwa wa ongezeko. Bili ikipanda robo, au hata nusu, natafuta sababu ndani ya nyumba. Ikizidi mara mbili na nusu bila maelezo, naangalia mita imeandikishwaje ofisini.

Mita za gesi hapa Uingereza ziko za aina mbili. Za zamani zinapima kwa futi za ujazo, mia mia, na kwa kawaida zina tarakimu nne. Usoni zimeandikwa ft³. Mpya zinapima kwa mita za ujazo, zina tarakimu tano kabla ya nukta, zimeandikwa m³. Futi mia moja za ujazo ni sawa na mita za ujazo 2.83. Kwa hiyo mwenye mita ya zamani, kompyuta yao lazima izidishe usomaji wake kwa 2.83 kwanza. Mwenye mita mpya haihitaji.

Mita ikibadilishwa na ofisi isibadilishe kumbukumbu, wanaendelea kuzidisha 2.83 kwenye gesi ambayo tayari iko kwenye mita za ujazo. Fungua ukurasa wa nyuma wa bili, kuna mstari mdogo wa hesabu, maandishi ya kubanana hivi. Niwekee hapa pamoja na usomaji wa mwanzo na wa mwisho.

MamaIbra

Usoni imeandikwa m³, tarakimu tano.

Mwanzo wa Januari 00048, mwisho 00167. Bei peni 6.3 kwa kWh (uniti ya nishati), tozo ya kila siku peni 34, VAT imo. Mstari wenyewe unasema: 119 × 2.83 × 1.02264 × 39.5 ÷ 3.6 = 3,779 kWh.

Hiyo 2.83 ipo.

Fundi_Boila

Ndiyo hiyo. Sasa tupige wote, na kila mwenye bili yake afuate hapa.

Umetumia 119, ambazo kwa mita yako ni mita za ujazo 119. Unazidisha kwa 1.02264, ambayo ni marekebisho ya joto na mgandamizo wa gesi, ni ile ile kwa nyumba zote. Unapata 121.7. Unazidisha kwa thamani ya joto ya gesi, bili yako inasema 39.5. Hii hubadilika kidogo kulingana na gesi iliyopita bombani kipindi hicho, kwa hiyo chukua ya kwenye bili yako. Unagawa kwa 3.6. Jibu ni kWh 1,335.

1,335 kwa peni 6.3 ni pauni 84.11. Tozo ya siku 31 kwa peni 34 ni 10.54. Jumla pauni 94.65.

Wao wamekutoza 248.62. Wamekuzidishia pauni 153.97 kwa mwezi mmoja.

Njia ya mkato kwa wengine: mita ya m³, zidisha matumizi yako kwa 11.2 hivi. Mita ya ft³, zidisha kwa 31.7 hivi. Ukiona kWh za kwenye bili ziko mbali na jibu lako, uliza.

MamaIbra

Nimesoma mara mbili nikampa mume wangu naye asome. Pauni 154 ni chakula cha watoto cha karibu wiki mbili.

Kinachoniuma ni kwamba hesabu hiyo wameiandika wao wenyewe kwenye karatasi yao. Yule kijana alikuwa nayo mbele yake. Hakuna aliyeisoma, lakini kila mtu alikuwa tayari kuniambia nina deni.

Mnyamwezi_Glasgow

Hapo umesema kitu dada. Sidhani kuna mtu alikaa akapanga kumwibia MamaIbra. Ila mfumo unaokosea ukaendelea kudai, halafu mteja ndiye aambiwe athibitishe, kwangu madhara yake ni yale yale. Mwenye Kiingereza cha shida au mzee anayeishi peke yake angelipa tu hadi aishiwe.

Naongeza jambo moja kwa sababu wengi linawachanganya. Ofgem wanatangaza bei kikomo, kama EWURA, wasimamizi wa nishati kule nyumbani Tanzania, wanavyotangaza bei kikomo za mafuta. Watu wanasikia redioni "pauni elfu moja na kitu kwa mwaka" wanadhani bili haiwezi kuzidi hapo. Si kweli. Kikomo kiko kwenye bei ya kWh moja na tozo ya siku. Ile namba kubwa ni mfano wa nyumba ya matumizi ya kawaida, gesi na umeme pamoja. Ukitumia zaidi utalipa zaidi. Na kama hapa, wakikuandikia kWh usizotumia, bei kikomo haikulindi hata kidogo, kwa sababu bei yenyewe ni halali.

Kuhusu kupanda kwa bei, kaka Kisauni, si yote ni hadithi. Kikomo kilipoanza Januari 2019 kilikuwa pauni 1,137. Oktoba 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine na gesi ya bomba kupungua Ulaya, kilifika 3,549, serikali ikaingia kati ikashikilia 2,500. Uingereza ina gesi yake Bahari ya Kaskazini, ila inauzwa kwa bei ya soko, haiuzwi kwa bei ya undugu. Ninachokubaliana nawe ni hili: kuanzia 2021 kampuni zaidi ya 25 zilianguka, nyingine zilikuwa zinauza gesi ambayo hazikuinunua mapema, na gharama ya kuwahamisha wateja wao ikasambazwa kwenye bili zetu sote, hata sisi ambao hatukuwahi kuwa wateja wao. Hilo halikuwa haki na sioni aibu kulisema.

Kisauni_Boy

Nimeenda kuangalia ya kwangu. Tarakimu nne, ft³, na kwenye bili kuna 2.83. Kwa hesabu ya fundi iko sawa. Haya, kWh zangu ni zangu. Lakini ile tozo ya kila siku, hata nikiwa Mombasa mwezi mzima na boila imezimwa, bado naidai majibu.

BiMkubwa_Reading

Hiyo idai, wengi tuko nawe.

MamaIbra, sasa usipige simu tena. Andika, na neno "malalamiko" liwemo, kwa sababu likiwemo saa inaanza kuhesabu. Wakupe namba ya kumbukumbu. Wana wiki 8. Zikipita, au wakikupa barua kwamba wamefikia mwisho wa uwezo wao, unakwenda Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya gesi na umeme. Ni bure, na ukikubali uamuzi wake kampuni inafungwa nao. Ukikwama kwenye kuandika, Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, wanasaidia, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

Piga picha ya mita, ile m³ ionekane vizuri pamoja na namba ya mita na usomaji.

MamaIbra

Nimeandaa hivi, niambieni kama kuna pengo kabla mtoto wa dada yangu hajaiweka kwa Kiingereza:

"Haya ni malalamiko rasmi. Mita yangu ilibadilishwa Desemba. Mita mpya inapima kwa mita za ujazo, picha nimeambatisha. Bili yenu ya Januari imezidisha matumizi yangu kwa 2.83 kana kwamba ni futi za ujazo. Kwa hesabu sahihi nilitumia kWh 1,335 na ninadaiwa pauni 94.65, siyo 248.62. Naomba mrekebishe kumbukumbu za mita, mtoe bili mpya, na msipandishe makato ya benki. Wakati mnashughulikia nitaendelea kulipa pauni 110 kwa mwezi. Nyumbani kuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Naomba namba ya malalamiko haya."

Fundi_Boila

Iko vizuri sana. Ongeza jambo moja: wasirekebishe Januari peke yake. Mita ilifungwa kabla ya Krismasi na Januari ilianza ikisoma 48, kwa hiyo kama ilifungwa ikiwa sifuri, hizo 48 za Desemba nazo huenda wamezizidisha. Omba bili irudiwe tangu siku mita ilipofungwa, na waandike ilisoma ngapi siku hiyo na ile ya zamani iling'olewa ikisoma ngapi. Fundi aliyefunga alipaswa kuandika namba zote mbili. Kama alikuachia karatasi, piga picha na hiyo uitume leo.